Taa za Breki Ukiwa Huna Utingo

Taa zote za lori dereva anaweza kuziwasha, akashuka, akazunguka na kuzitazama kwa macho yake, isipokuwa za breki. Hizo huwaka mguu ukiwa kwenye pedali tu, na mguu ukiwa pale macho hayafiki nyuma ya tela la mita 12. Mwenye utingo humtuma nyuma akaangalie. Aliye peke yake mara nyingi huona wekundu wa taa za pakingi, akaridhika na kuondoka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 5 ni wa pakingi, wa wati 21 ni wa breki. Ule mdogo unaweza kuendelea kuwaka muda mrefu huku mkubwa umeshakatika. Anayekufuata usiku kwenye mteremko wa Kitonga ataona wekundu uleule, uwe unatembea au umeshakanyaga breki.

Dawa yake ni ufito. Kwanza jaza upepo, kwa sababu kwenye malori mengi ya breki za upepo swichi ya taa hizo husukumwa na upepo wenyewe. Matangi yakiwa matupu utaishia kufungua taa ambazo hazina kosa. Vuta breki ya mkono, kinga matairi kwa magogo, zima injini lakini acha umeme wa gari umewashwa. Ncha moja ya ufito ikandamize pedali, nyingine ibanwe na ukingo wa kiti, kisha ushuke. Injini ikiwa kimya utasikia pia kama kuna upepo unaovuja, na huo ni ukaguzi mwingine umeupata bure.

Wapo wanaorudi nyuma hadi karibu na ukuta alfajiri na kutazama mwanga kwenye vioo vya pembeni. Kwa lori dogo lisilo na tela inafaa. Kwa semi siiamini: utaona mwanga umeongezeka, hutajua ni balbu ipi imekataa. Afadhali uegemeze simu kwenye jiwe nyuma ya tela irekodi video, ukakanyage, uje uitazame.

Ufito ukiwa bado umebana, washa pakingi na hazadi kwa pamoja. Wengi hawafanyi hivi, wakati kosa la waya wa ethi hujificha taa zikijaribiwa mojamoja. Umeme ukikosa njia nzuri ya kurudi kwenye betri hupenya kupitia balbu nyingine, na ndiyo maana utaona taa ya breki inafifia kila indiketa inapowaka, au taa za tela zote ni hafifu. Ukiona hivyo usikimbilie kununua balbu. Zima umeme, chomoa plagi ya tela. Kwenye plagi ya kawaida ya pini 7 ya volti 24, pini namba 1, waya mweupe, ndiyo ethi. Namba 4, waya mwekundu, ni breki. Fuata namba iliyochongwa kwenye plagi kuliko rangi, maana fundi aliyeunganisha upya huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao. Kutu ya kijani kwenye shaba ikwangue kwa msasa. Pini iliyopasuliwa katikati na kubanana, itanue kidogo kwa bisibisi nyembamba ili ishike. Malori yanayoshinda bandarini hupata kutu hiyo mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna waya umechubuka unagusa chasi. Utafute. Kuziba pengo la fyuzi kwa kipande cha waya ni kualika moto.

Dereva mwenzangu, kata ufito wako leo kwa kipimo cha kabini yako, uuweke nyuma ya kiti, na usitoke yadi kabla hujautumia.