Ndoo ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Gesti za vijijini Burundi zina sauti yake ya alfajiri. Jogoo hajamaliza kuwika, unasikia kuni zikipasuliwa uani. Moshi unapenya chini ya mlango, kisha mlango wenyewe unagongwa: "Maji!" Ukifungua, ndoo iko kizingitini inafuka mvuke, na kijana aliyeileta keshapita chumba cha pili. Kwa mfano Gasorwe, jirani na mji wa Muyinga, ni nchi ya vilima ambako asubuhi hutaki kutoka bila sweta. Ndoo ile ni heshima ya kweli kwa mgeni. Mimi kazi yangu ni mambo ya nishati, kwa hiyo badala ya kuoga naanza kupiga hesabu.

Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzijoto 18 hadi 40 kunahitaji kilojuli 1,850 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban kilojuli 16,000, lakini mafiga matatu huipa sufuria asilimia 10 hadi 15 tu ya joto hilo. Linalobaki linapasha hewa na kumtoa mpishi machozi. Kwa hiyo ndoo moja ya kuogea ni kama kilo nzima ya kuni. Gesti ya vyumba sita ikijaa, hizo ni kilo sita kwa siku, zaidi ya tani mbili kwa mwaka, na maharage bado hayajatiwa chunguni.

Mwenye gesti anayetaka kuwa rafiki wa mazingira kwa kawaida huanzia kwingine: paneli ndogo juu ya bati, taa za LED, kibao ukutani kinachomsihi mgeni aheshimu maumbile. Sina ugomvi na vitu hivyo. Ila taa sita za wati 7, zikiwaka saa tano kila usiku, zote kwa pamoja hazifikii hata nusu ya nishati iliyomo katika ndoo moja ya maji moto. Kinachokula msitu ni moto: wa kuogea, wa kupikia, na ule uliowaka kabla hata gesti haijafunguliwa, wa kuchomea matofali.

Na moto huu hauna kuni za bure. Muyinga, ambayo mpango mpya wa mikoa wa 2025 umeiingiza katika mkoa wa Buhumuza, ni nchi ya mashamba yaliyobanana: migomba, maharage, kahawa, na vishamba vya mikaratusi vilivyosukumwa kwenye miteremko isiyofaa kulimwa. Gasorwe yenyewe ina kambi ya wakimbizi Wakongo tangu 2002. Jiko la gesti, jiko la mwanakijiji na jiko la mkimbizi yanaitegemea mikaratusi ile ile.

Wapo wanaodhani wamejitoa lawamani kwa kuhamia makaa, au makala kama yanavyoitwa huku, neno lile lile la kitu unachosoma sasa hivi. Makaa hayana moshi jikoni kwa sababu moshi umebaki porini. Tanuru la udongo la kienyeji hutoa kilo moja ya makaa kwa kilo saba au nane za kuni, wakati mwingine zaidi. Jiko la makaa linatunza joto vizuri kuliko mafiga, lakini si kwa kiasi cha kufidia hasara hiyo. Kama chaguo ni hayo mawili tu, afadhali kuni zilizokaushwa miezi kadhaa chini ya paa, ndani ya jiko banifu lenye bomba. Kuni mbichi hupoteza sehemu ya nguvu zake kukausha maji yaliyomo ndani yake.

Turudi kwenye matofali, maana anayejenga leo bado ana nafasi ya kuchagua. Mabonde ya Burundi wakati wa kiangazi yamejaa matanuru ya matofali, kila moja likimeza magogo kwa siku kadhaa. Lakini pale pale Muyinga pana jengo linaloonyesha njia nyingine. Mwaka 2012 wasanifu wa BC Architects kutoka Ubelgiji walikamilisha maktaba iliyokusudiwa kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, hayakupita motoni. Mihimili ni ya mikaratusi. Ndani wametundika wavu mkubwa wa kamba za mkonge, watoto wanajilaza humo na vitabu vyao. Paa ni la vigae vilivyochomwa huko huko, kwa hiyo moto haukukwepwa kabisa, na napenda kwamba hakuna anayejifanya umekwepwa. Udongo usiochomwa una sharti moja kubwa: mvua isiufikie. Unataka msingi wa mawe na paa lenye upenu mpana kama kofia ya mkulima. Bati fupi la kubania gharama litakurudisha kwa fundi baada ya masika mawili.

Vipi umeme? Mwaka 2021 mtambo wa jua wa megawati 7.5 ulizinduliwa Mubuga, mkoani Gitega, na kwa nchi yenye umeme kidogo kama Burundi hilo si jambo dogo. Sasa chukua zile bafu za umeme zinazopasha maji papo hapo, ambazo wenye gesti huzionea fahari. Moja inavuta wati 4,000 hivi. Zikifunguliwa bafu 1,900 kwa wakati mmoja, zimemeza mtambo wote wa Mubuga wakati wa jua kali la mchana. Na wageni hawaogi mchana. Wanaoga alfajiri, jua halijatoka. Jenereta nayo nisiizungumzie sana: kila aliyepanga foleni ya mafuta Burundi miaka hii ya karibuni anajua mwisho wa habari hiyo.

Jua lipashe maji moja kwa moja, bila kupitia umeme. Kipasha maji cha mita mbili za mraba juu ya paa, kwa jua la kawaida la nyanda hizi, kinapandisha lita 120 kwa nyuzijoto kama 30 kila siku. Ukiyachanganya na maji baridi unapata ndoo saba au nane za kuogea, yaani vyumba vyetu sita na akiba ya mama mwenye mtoto. Wasio na fedha za kipasha cha dukani hutumia pipa lililopakwa rangi nyeusi, likalazwa ndani ya sanduku lenye kioo juu na maranda ya mbao pembeni. Halipendezi sana, lakini linafanya kazi. Siku za mawingu mazito utawasha moto, na hiyo si dhambi.

Jikoni faida kubwa iko kwenye maharage, na haihitaji kununua kitu. Yalowekwe usiku kucha, yachemke nusu saa, kisha chungu kizima kizikwe ndani ya kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na kufunikwa blanketi zito. Yanaendelea kuiva yenyewe saa kadhaa bila kijiti kimoja. Kabla ya kuyapakua yachemshe tena kidogo, basi. Na tukiwa bado jikoni: nchi hii hupanda kahawa inayosifiwa mbali, lakini mgeni huletewa kopo la kahawa ya unga kutoka ng'ambo. Sijapata bado maelezo yaliyoniridhisha.

Kuhusu plastiki nitasema kidogo tu. Amri ya mwaka 2018 ilipiga marufuku mifuko, lakini chupa za maji zimebaki, na gesti inaweza kuzimaliza kwa kichujio cha udongo kilichowekwa ukumbini. Mfano wa kuiga uko kaunta: chupa za bia za Primus na Amstel hurudi kiwandani kwa kreti, zinaoshwa, zinajazwa tena, na hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Maji ya paa yanadanganya kidogo. Paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka, linaweza kukupa lita 80,000 na zaidi. Lakini mvua hukatika Juni na hairudi vizuri mpaka Septemba au Oktoba. Wageni sita wakitumia lita 60 kila mmoja, tangi la lita 10,000 ni la mwezi mmoja tu. Kwa hiyo maji ya kufulia na kuogea yatumike mara mbili: kutoka bafuni yapite kwenye mtaro wa kokoto hadi kwenye migomba. Na choo, tafadhali, kisikae juu ya chemchemi. Hapa watu hujenga mgongoni mwa kilima na kuteka maji bondeni, basi kila shimo lisilofikiriwa linashuka taratibu hadi kwenye kidumu cha jirani.

Turudi kwenye kipasha maji cha jua, maana kina ugumu mmoja ambao mafundi huusahau. Maji yake huwa moto kabisa saa kumi na moja jioni, wakati mgeni anayataka saa kumi na moja alfajiri. Tangi lililofungwa blanketi nene litavuka usiku, ila likiwa limepoa kidogo. Dawa ya bei nafuu kuliko zote iko mapokezini. Mgeni anafika na vumbi la barabara, hajaketi, mwenye nyumba anamwambia: "Karibu sana, pole na safari. Maji yako tayari, oga kwanza, chakula kinakuja." Ataoga, atakula, atalala. Alfajiri atahitaji beseni dogo tu la kunawa uso.