Mkuki wa Intore Usafiripo Ng'ambo

Kijana wa Kimisagara, Kigali, anayejiandaa kwenda ng'ambo katika mabadilishano ya utamaduni ya Rotari, chama kilichoanzia Chicago mwaka 1905, atakaa nyumbani kwa wenyeji. Huko ataulizwa juu ya Intore, ngoma iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2024. Basi na ajue kwamba wachezaji wa kale walikuwa askari wa mfalme, na mruko ule watangaza ushindi. Ndugu askari, aliyepiga kwata hahitaji kufafanuliwa zaidi. Lakini mkuki hauruhusiwi katika chumba cha abiria. Ufungwe pamoja na mizigo mikubwa. Njuga nazo, zikibaki mkobani, zitazua maswali penye ukaguzi.