Hewa Chini ya Sakafu ya Kiwanda cha Mboji

Mboji ni mbolea itokanayo na mabaki ya mimea, samadi au takataka za jikoni baada ya kuozeshwa na bakteria na kuvu. Mkulima mwenye lundo dogo huligeuza kwa uma ili hewa ipate kuingia. Kiwandani, ambako lundo moja laweza kuwa na mamia ya tani, kazi hiyo yaweza kufanywa na feni isukumayo hewa kupitia matundu ya sakafu. Feni ikiharibika huondolewa na kuwekwa nyingine. Bomba lililozikwa ndani ya zege halibadilishwi bila ya kuvunja sakafu.

Je, hewa itakiwayo ni kiasi gani? Glukosi yafaa kuwa mfano wa chakula cha bakteria. Gramu 180 za glukosi huhitaji gramu 192 za oksijeni ili kuoza kabisa, nayo oksijeni hiyo hupatikana katika lita 700 hivi za hewa. Badiliko hilo hutoa joto la kilojuli 2,800 hivi, ambalo latosha kugeuza zaidi ya kilo moja ya maji kuwa mvuke. Hewa ya kuuchukua mvuke huo kutoka katika lundo lenye nyuzi 60 za Sentigredi ni yapata mara kumi ya ile iliyohitajiwa kwa kuozesha. Kumbe basi kazi kubwa ya feni si kuwapa bakteria pumzi, bali ni kuwapunguzia joto.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, walichanganya mashapo ya maji taka na vipande vya mbao, wakalirundika juu ya mabomba yenye matundu. Lundo halikugeuzwa, hewa ilivutwa kwa feni kwa muda wa siku 21 hivi. Njia hiyo ilienea upesi. Lakini bomba lililolazwa juu ya sakafu lina udhia: lazima litolewe kabla ya tingatinga kuingia, la sivyo huvunjwa. Ndiyo maana viwanda vingi vikaamua kulizika.

Hapo ndipo hesabu ya matundu huwa jambo kuu. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 lina eneo la mkato la sentimita za mraba 177. Likitobolewa matundu 100 yenye kipenyo cha sentimita 1, jumla ya eneo la matundu ni 79 tu. Hewa hubanwa kila tunduni, kanieneo huwa karibu sawa bomba zima, na kila sehemu ya lundo hupata fungu lake. Yakitobolewa 300, jumla hupita 235, na sehemu moja hupata upepo mwingi huku nyingine ikikosa. Kuongeza nguvu ya feni hakuponyi kasoro hiyo. Sehemu ikosayo hewa hutoa uvundo wa mayai viza. Ipatayo upepo kupita kiasi hukauka na kupoa. Hilo si jambo dogo: kanuni za Marekani za mwaka 1993 zataka mashapo yaozeshwayo kwa njia hii yafikie nyuzi 55 kwa siku tatu, ili vijidudu vya maradhi vife.

Adui wa pili ni maji yachuruzikayo kutoka lunduni, yenye asidi na chembechembe. Chuma cha kawaida hushika kutu, na hata zege huliwa. Bomba la plastiki nene hudumu zaidi, mradi liinamishwe kuelekea shimo la maji. Maji yaliyomo shimoni huizuia hewa isitoroke. Kama feni yasukuma kwa kanieneo ya sentimita 25 za maji, mdomo wa bomba sharti uzame zaidi ya hapo. Matundu nayo hufanywa membamba juu na mapana chini, ili chembe ipitayo mdomoni ianguke badala ya kukwama, nayo hukaa chini kidogo ya uso wa sakafu, tingatinga lisiyakwaruze.

Afya ya bomba lililozikwa hupimwa kwa mrija wa plastiki uliopindwa mfano wa herufi U, wenye maji ya rangi. Sakafu ikiwa tupu na feni ikizunguka kwa mwendo uleule, kipimo kilichopanda kupita kile cha siku ya kwanza chaonyesha kwamba matundu yanaziba. Kilichoshuka chaonyesha ufa.