Butembo na Beni: Kwa nini rezo hupotea ukisogea hatua moja

Mjini Butembo, mtu anayetafuta rezo husogea, hurudi, hugeuka. Anaweza kuonekana kama anacheza, lakini hesabu iko upande wake.

Mji umejengwa juu ya vilima. Mawimbi ya mnara hugonga vilima, kuta na mabati, kisha hufikia simu kwa njia nyingi. Pengine husaidiana, pengine huuana. Kwa masafa ya megahezi 900, wimbi moja lina sentimita 33 hivi, kwa hiyo hata nusu hatua inaweza kukutoa shimoni.

Mwingereza Lord Rayleigh alipiga hesabu ya mitikisiko ya kubahatisha mwaka 1880, kabla redio haijakuwapo. Kwa kanuni yake, pale mnara usipoonekana, nguvu hushuka chini ya sehemu ya kumi ya wastani karibu mara 10 kwa kila 100.

Hilo si jambo dogo. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, taarifa nyingi za wagonjwa zilipitia simu. Vijiji vya Beni vinavyoogopa mashambulizi ya usiku navyo hutegemea simu hiyo hiyo.

Ili ipotee mara 1 tu kwa 100, wastani wa nguvu lazima uzidi mara 100 kiwango cha chini kabisa. Ni gharama kubwa, hasa penye jenereta. Lakini mnara ukipokea kwa antena mbili zilizoachana vya kutosha, mara 10 zinatosha: ni nadra zote mbili kuingia shimoni pamoja.