Usonji na Malaria: Utafiti Uanzie Wapi?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni. Mtoto mwenye usonji huweza kuchelewa kusema, kutoitika aitwapo, kurudiarudia kitendo kimoja, au kufadhaika mazoea yake yabadilikapo. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii mwaka 1943 baada ya kuchunguza watoto 11 nchini Marekani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nayo.

Mwanachuo anayetaka kuitafiti hali hii katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, atakutana mapema na swali la malaria. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa kuhusu kundi dogo la watoto wa Tanzania wenye usonji. Kwa baadhi yao, dalili zilionekana baada ya kuugua malaria kali. Je, malaria ndiyo iliyosababisha?

Hapa yafaa kutahadhari. Malaria kali huwashambulia zaidi watoto wa chini ya miaka 5, na dalili za usonji nazo huonekana katika umri huohuo. Mambo mawili yaweza kufuatana bila moja kulizaa jingine. Ni kweli kwamba malaria inayodhuru ubongo yaweza kuacha kifafa au matatizo ya usemi. Lakini ili kuihusisha na usonji, hapana budi kulinganisha watoto walioiugua na wasioiugua, wa umri mmoja na wa vijiji vilevile. Kumbukumbu ya mzazi pekee haitoshi. Mzazi mwenye mashaka hukumbuka kila homa, na mwingine husahau. Kwa hiyo taarifa za hospitali zitafutwe.

Tena, watoto wasihesabiwe shuleni tu, kwani wengine hawajaandikishwa, na wengine hufichwa nyumbani. Maswali nayo yapimwe kwanza. Dodoso za kigeni huuliza kama mtoto humtazama mtu machoni, ilhali katika jamii nyingi zetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu. Mzazi anayezungumza Kizigua au Kisambaa nyumbani aulizwe kwa lugha anayoielewa vizuri.

Utafiti wa pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wazazi na wataalamu walitaja pepo, uchawi na laana miongoni mwa visababishi vya usonji, pamoja na maradhi na matatizo ya uzazi. Maelezo ya namna hiyo huweza kumtwisha mama lawama. Mtafiti akitangaza kwa haraka kwamba chanzo ni malaria, mama huyohuyo ataulizwa kwa nini hakumlaza mwanawe ndani ya chandarua.

Hivyo basi, kabla ya kuingia kijijini, mwanachuo apate kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na ridhaa ya wazazi. Ajue pia ni mwalimu au mganga gani wa hospitali atakayempokea mtoto atakayegunduliwa. Pasipo maandalizi hayo, mzazi atabaki na jina la hali ya mwanawe bila msaada wowote.