Mawe ya nyongo kisha oparesheni ya kupunguza kilo: waganga wanapitia wapi?

Kama uko na ndugu ku Ulaya ao Marekani mwenye alifanyiwa oparesheni ya kupunguza kilo, pengine ulisikia tu upande wa furaha: picha mupya, nguo za zamani zenye hazimukae tena. Kuko upande mwengine wenye unaweza kuonekana miezi ao miaka kisha, ku njia ya nyongo.

Tuanze na nyongo yenyewe. Maini inaitengeneza, mufuko mudogo chini ya maini unaichunga. Wakati tunakula mafuta, ule mufuko unajikaza na nyongo inapita ku mufereji mwembamba mpaka ku mwanzo wa utumbo. Sasa, mutu akipoteza kilo mbio-mbio, maini inamwanga kolesteroli mingi ndani ya nyongo, na mufuko unalegea. Hapo mawe inaanza kutokea. Uchunguzi moja wa Marekani, wa mwaka wa 1991, ulionyesha kama zaidi ya mutu 1 juu ya 3 alipata mawe mu miezi 6 ya kwanza. Mwengine wa 1995 ulileta habari muzuri: kati ya wenye walikunywa asidi ursodeoksikoliki, miligramu 600 ku siku, ni 2 tu juu ya 100 walipata mawe. Wenye hawakuikunywa, 32 juu ya 100.

Jiwe likibakia ndani ya mufuko, mara mingi haliumize. Taabu inakuja wakati linatoka na kufunga mufereji. Ku mutu wa kawaida, dawa yake inajulikana tangu 1974, wakati waganga wa Ujerumani na wa Japani walianza kazi hii: mupira wenye kamera unapita ku kinywa, unafika ku mulango wa mufereji, munganga anaupasua kidogo na kutosha jiwe. Hakuna kupasua tumbo.

Lakini kuko oparesheni yenye inaitwa bayipasi. Waganga wanabakisha kamufuko kadogo ka tumbo, karibu mililita 30, ni kusema vijiko viwili vikubwa, na wanakaunga na utumbo wa chini. Tumbo la zamani hawalitoshe. Linabakia pembeni, limefungwa, pamoja na fasi nyongo inatokea. Ni kama daraja lilianguka: nyumba ya jirani unaiona ngambo ya mutoni, lakini kuifikia inaomba uzunguke mulima muzima.

Wamoja wanazunguka kweli, na mupira murefu wenye baluni zenye zinasaidia kutembea ndani ya utumbo. Haufike kila mara. Wengine wanatoboa tundu ndogo ku ngozi na kuingiza kamera moja kwa moja ndani ya tumbo la zamani. Hii inafaulu karibu kila mara, lakini ni oparesheni, inaomba chumba cha upasuaji na munganga wa kupasua.

Njia ya tatu ilielezwa na waganga wa Marekani mu 2014. Kamera yenye ekografi ku ncha inaingia mu kamufuko kadogo, inaona tumbo la zamani ngambo ya ukuta, na munganga anaweka hapo kamupira ka chuma chenye kujipanua. Daraja limerudi! Kama hakuna haraka, wanangoja majuma kazaa kusudi njia ikauke, kisha wanapita hapo kutosha jiwe, mwishoni wanaondoa chuma. Haikosi hatari: chuma kinaweza kuteleza, tundu linaweza kukataa kufunga, na kilo zinaweza kurudi.

Oparesheni ingine, yenye inapunguza tumbo na kuliacha kama mupira mwembamba, haibadilishe hii njia. Kwa hiyo jina la oparesheni ni la maana sana.

Hapa kwetu, homa na macho ya manjano, watu wanawaza malaria ao epatiti, na mara mingi ni kweli. Lakini kama ni ndugu mwenye alirudi likizo, mwenye alifanyiwa bayipasi, na anaumia chini ya mbavu upande wa kuume, asingoje asubuhi: mufereji wenye umefungwa unaweza kuoza na kuua. Na asimufiche munganga ile oparesheni kwa haya. Aseme jina lake na mwaka, na kama iko na karatasi ya hospitali, aibebe.