Nakala kwanza, programu mpya baadaye

Je, msomaji, ukiwasha kompyuta yako na kuona ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu, wewe hufanya nini? Wengi wetu hukubali bila kusoma hata neno moja, kisha tukaenda zetu jikoni kutia chai. Wengine, ambao waliwahi kuumwa na nyoka na sasa hushtuka waonapo ung'ongo, huahirisha mwaka nenda mwaka rudi. Wote hao wanajitafutia balaa.

Tarehe 2 Oktoba 2018, kampuni ya Microsoft ilianza kutoa toleo jipya la Windows 10. Haukupita muda kabla ya watu kulalamika kwamba picha, barua na nyimbo zao zimetoweka. Tarehe 6 kampuni hiyo ikalisimamisha toleo hilo, na haikulitoa tena hadi Novemba 13. Ilieleza kwamba malalamiko yenyewe yalikuwa machache mno. Lakini hiyo ni faraja gani kwa mtu ambaye picha za harusi yake ndizo zilizopotea?

Sasa hebu tuseme wewe ndiwe mweka hazina wa chama chenu cha akina mama, na michango yote ya miaka mitano imo kwenye kompyuta hiyo. Utawaambia nini wenzako?

Kwa hivyo, kabla ya jambo lolote, nakili faili zako kwenye flashi au diski ya nje. Nakala iliyomo ndani ya kompyuta ile ile haikusaidii. Ni kama kuacha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga. Ukimaliza, chomoa flashi hiyo, uichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili mbili tatu uone kama zinasomeka. Watu wengi huruka hatua hii, nao hugundua kosa lao siku ya msiba.

Iwapo kompyuta yako inatumia kufuli ya BitLocker, andika kwenye karatasi ule ufunguo wake wa tarakimu 48, kwani huenda ukadaiwa ghafla baada ya mabadiliko.

Stima nayo usiisahau. Ikipotea katikati ya shughuli, kompyuta yaweza kukataa kuwaka kabisa. Kama ni ya mezani na huna betri ya akiba, usianze jioni mawingu yakitanda.

Hata hivyo, tahadhari isiwe kisingizio cha kukawia. Mnamo Machi 2017 Microsoft ilitoa dawa ya kasoro fulani ya usalama. Mei 12 mwaka huo huo, kirusi cha WannaCry kilipitia kasoro hiyo kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimetiwa dawa, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Marekebisho ya usalama yaweke mara tu nakala yako inapokuwa tayari. Toleo kubwa lenye madoido mapya laweza kungoja wiki mbili tatu, wengine wakalijaribu kwanza.